Stelingi Alipofika Uzigua

Kuanzia mwaka 1955 hadi 1975 televisheni za Marekani zilirusha Gunsmoke, tamthilia ya kauboi iliyowekwa katika mji wa Dodge City. Bonanza nayo ilidumu tangu 1959 hadi 1973. Ranchi ya tamthilia hiyo iko kando ya Ziwa Tahoe, katika nchi ya asili ya Wawasho, lakini mtazamaji huondoka akiamini kwamba familia ya Cartwright ndiyo yenye mahali pale. Huo ndio ufundi wa picha za kauboi: historia huanza stelingi anaposhuka farasi. Kabla yake ni nyika tu, na wenyeji hutokea humo kama hatari ya njiani, sawa na mafuriko au nyoka.

Uzigua, nchi ya Wazigua huku Tanzania, nayo ina picha yake ya kauboi. Inaitwa Carl Peters, na ilitolewa Ujerumani mwaka 1941 chini ya utawala wa Hitler. Mwongozaji alikuwa Herbert Selpin, na stelingi Hans Albers. Mwaka 1938 wawili hao walikuwa wameshatengeneza Sergeant Berry, picha ya askari wa Chicago anayetumwa mpakani mwa Mexico. Ufundi, basi, walikuwa nao tayari. Vita ilipokuwa ikiendelea, Afrika haikufikika, hivyo filamu ilipigwa Ulaya, na baadhi ya watu weusi waliojaza mandhari walikuwa wafungwa wa vita kutoka jeshi la Ufaransa. Mtu aliyetekwa, na asiyeweza kukataa, aliwekwa mbele ya kamera aigize Mwafrika anayempokea Mjerumani kwa furaha. Sijui udhalimu wa sinema unaozidi huo.

Peters halisi, Mjerumani mtafuta makoloni, alivuka kutoka Zanzibar kwenda Saadani mnamo Novemba 1884. Kwa wiki chache alipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami akikusanya mikataba iliyoandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo waliowekewa alama zao hawakuisoma. Februari 1885 serikali ya Kaisari ikampa hati ya ulinzi. Mwaka 1897 Ujerumani yenyewe ilimfukuza kazi kwa sababu ya watu aliowanyonga Kilimanjaro. Filamu inaigeuza aibu hiyo kuwa hila za maadui zake.

Asichokiona mtazamaji ni nchi ilivyokuwa. Wazigua walikuwa na bunduki miongo mingi kabla ya Peters, kwa biashara yao na pwani. Mmoja wao, Kisabengo, alikwenda kusini akajenga mji wenye ngome pale ilipo Morogoro leo. Huko Mazinde, wilayani Korogwe, Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambara, aliuacha mlima akakaa tambarare, njia ya misafara ilikopita. Kwa msaada wa Wazigua alipindua utawala wa Vuga, makao ya ufalme huo, akamweka mwanawe kwenye kiti. Hakuwa mtu mwema: watu wengi wa Usambara waliuzwa utumwani kwa sababu ya vita vyake. Lakini alikuwa mtu wa siasa, mwenye hesabu zake na washirika wake. Mtunzi wa tamthilia asingehitaji kubuni kitu.

Mwaka 1893, mwanahistoria Frederick Jackson Turner alipowatangazia wenzake mjini Chicago kwamba enzi ya kusogeza mpaka Marekani imekwisha, Tanga ujenzi wa reli ulikuwa unaanza. Mwaka huohuo Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. 62 tu ndiyo iliyonusurika. Reli ikafika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakaifuata. Vibarua waliletwa kutoka mbali, na ardhi ikabadilika mikono kwa karatasi.

Korogwe hiyohiyo ilikuja kuwa na kamera zake. Kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri, mradi wa sinema wa Notcutt na Latham, uliofadhiliwa na shirika la Carnegie la New York, ulitengeneza filamu za kumfundisha Mwafrika kilimo, afya na kuweka akiba. Wenye mradi waliona picha za Hollywood zinamharibu. Walikuwa na haki ya kuzihofia, ila wao nao walimwonyesha mtu asiye na jana, anayesubiri kuelekezwa.

Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994. Tangu 2022 imetuonyesha malori yakiwashusha wafugaji waliohamishwa kutoka Ngorongoro katika kijiji cha Msomera, Handeni, humohumo Uzigua, mbele ya nyumba mpya zilizojengwa na serikali. Picha ile naitambua: msafara, mizigo, uwanda mpana. Msomera ilikuwa na wakazi wake, wenye mashamba na malisho, na baadhi yao wamelalamika kwamba ardhi yao ndiyo iliyogawiwa wageni. Taarifa ya Msomera ingepaswa kuanzia kwao, kabla lori la kwanza halijafika.