Daktari Aliyechungulia Makohozi

Leo twajibu swali linaloulizwa sana kliniki: mtoto wangu ana pumu, lakini sasa hakohoi wala kifua hakilii. Mbona daktari asema aendelee kuvuta ile dawa ya kuzuia, ya pampu ya kahawia?

Jibu lina historia yake. Pumu ni uvimbe ndani ya mirija ya hewa. Kifua kinapolia, mirija imekwisha kubana. Lakini uvimbe waweza kuwepo kifua kikiwa kimya. Basi utapimwaje?

Mwaka 1879 Mjerumani Paul Ehrlich alitia rangi chembe za damu, akaona nyingine zikinyonya rangi nyekundu iitwayo eosini. Zikaitwa eosinofili. Baadaye zilionekana pia katika makohozi ya wenye pumu.

Mwaka 1956 madaktari wa Uingereza walijaribu dawa ya kotisoni kwa wagonjwa wa pumu sugu, wakaona faida ndogo tu. Lakini huko Derby, daktari Harry Morrow Brown alikuwa na desturi ya kuyatazama makohozi kwa hadubini. (Makohozi, mama, ambayo sisi huyafukia kwa kinyaa!) Mwaka 1958 aliandika kwamba wenye eosinofili nyingi walipata nafuu kubwa kwa prednisolone, dawa ya jamii ya kotisoni, na wasio nazo hawakufaidika. Kumbe dawa haikuwa na kosa. Wagonjwa wa aina mbili walikuwa wametiwa chungu kimoja.

Hata hivyo ilipita miaka mingi kabla ya wengi kumfuata. Mwaka 2002 madaktari wa Leicester, Uingereza, waligawa wagonjwa 74 mafungu mawili. Fungu moja lilitibiwa kwa dalili kama kawaida, jingine kwa kuhesabu eosinofili. Katika mwaka mmoja, waliotibiwa kwa dalili walishikwa vikali mara 109. Wale wa makohozi mara 35.

Shida ni kwamba mtoto mdogo humeza makohozi. Hapo pumzi ilisaidia. Mwaka 1991 watafiti wa Uswidi waligundua kuwa pumzi tunayotoa ina gesi ya nitriki oksaidi, na mwaka 1993 ikaonekana kuwa kwa wenye pumu huzidi. Mtoto anayeweza kufuata maagizo hupuliza polepole ndani ya mashine. Kipimo chini ya 20 kwa mtoto ni cha chini. Zaidi ya 35 huashiria uvimbe.

Mashine hiyo ni ghali, na huenda usiikute kliniki ya karibu nawe. Kwa hiyo usiikatize dawa kwa kuwa kifua kimenyamaza. Daktari ndiye atakayeipunguza hatua kwa hatua. Na kila mtoto akivuta, asukutue mdomo kwa maji na kuyatema, kwani dawa ikibaki kinywani huweza kuleta utando mweupe ulimini.