Skizofrenia: kwa nini huwakuta vijana

Kijana wa Buzebazeba, Kigoma, akianza kusikia sauti ambazo wenzake hawazisikii, mtaani majibu huwa tayari: karogwa, majini yamempanda, au kasoma mno hadi akarukwa na akili. Maradhi humkuta kidato cha sita, au akiwa ndio kwanza aingie ziwani kuvua dagaa, na tukio lolote lililo jirani hubebeshwa lawama.

Hospitalini ugonjwa huo huitwa skizofrenia. Awali Mjerumani Emil Kraepelin aliuita, kwa Kilatini, dementia praecox, yaani kudhoofika kwa akili kunakowahi. Umri aliuona sawasawa. Alikosea kudhani karibu kila mgonjwa huishia kudidimia. Mwaka 1908 Mswisi Eugen Bleuler akaunda jina la sasa kwa maneno ya Kigiriki ya kupasua na akili. Alikusudia fikra na hisia zilizoachana. Watu wakaelewa mtu mwenye nafsi mbili, na hadi leo wanaelewa hivyo. Ndiyo maana nakataa tafsiri ya "mpasuko wa akili". Wajapani walitafsiri namna hiyo, familia za wagonjwa zikalalamika, na mwaka 2002 jina likabadilishwa. "Kichaa" nalo ni tusi. Hata Mirembe, jina la hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, tumeligeuza kejeli. Tubaki na skizofrenia, tuieleze.

Kwa nini basi ujanani? Utotoni ubongo hujenga viunganishi vya seli kupita mahitaji. Kuanzia balehe huondoa visivyotumika, kama mkulima wa michikichi anavyopogoa makuti ya chini. Sehemu ya mbele, ya kupanga na kujizuia, hukomaa mwisho, katikati ya miaka ya ishirini. Mwaka 1982 Irwin Feinberg alipendekeza kwamba kwa wagonjwa upogoaji huo huenda kombo. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani waliihusisha hatari ya skizofrenia na jeni ya C4, ambayo husaidia kuonyesha viunganishi vya kuondolewa. Si maelezo yote: urithi una sehemu yake, na bangi iliyoanzwa mapema huongeza hatari. Wanaume wengi huanza kuugua kati ya mwisho wa balehe na miaka 25 hivi. Wanawake huchelewa miaka michache. Mtihani, basi, waweza kuchochea, lakini hitilafu mara nyingi ilikwishatangulia.

Kijana akijitenga, akikosa usingizi wiki nzima, akiwashuku hata ndugu zake, dua na isomwe, lakini mpelekeni pia Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa. Matibabu yakiwahi, nafasi ya kurudi darasani au kazini huwa kubwa zaidi.