Mpira Ukiponyoka, Kosa ni la Nani?

Huku Masimba ukitaja mpira, watu wanawaza Shabana. Mikono ni ya kipa, wengine wote ni miguu. Raga tuliijua kupitia wenzetu waliosoma bweni, na hata wao walikuja na hukumu moja: anayeangusha mpira ni mwoga au mzembe. Historia ya mchezo wenyewe inasema vingine. Inasema hakufundishwa.

Wamarekani wana mchezo wao wa mpira wenye ncha mbili, na huko ukikuponyoka ukiwa unakimbia, adui anaweza kuuokota na kukimbia nao. Novemba 19, 1978, New York Giants walikuwa wakiongoza Philadelphia Eagles 17–12, zimebaki sekunde chache. Walichohitaji ni kuulalia tu mpira. Badala yake Joe Pisarcik akajaribu kumkabidhi Larry Csonka, mpira ukadunda chini, Herman Edwards akauokota na kukimbia nao hadi mwisho. 19–17. Kesho yake kocha aliyehusika na mashambulizi akafutwa kazi. Lakini kilichodumu si kule kufukuzwa. Kilichodumu ni zoezi: timu zikaanza kufundisha namna maalum ya kupiga goti na kumaliza mechi salama. Mpaka leo wanafanya hivyo.

Timu hiyohiyo, miaka mingi baadaye, ilikuwa na mkimbiaji hodari aitwaye Tiki Barber. Mwaka 2003 mpira ulimponyoka mara 9. Mwaka uliofuata akaja kocha Tom Coughlin, na kilichobadilishwa ni mkono: mpira upande juu kifuani, kifundo cha mkono kiwe juu ya kiwiko, vidole vifunike ncha, kiwiko kibane mbavu. Basi. Mwaka 2005 ulimponyoka mara 1 tu, na mwaka huohuo akakimbia yadi 1,860. Jamaa ni yuleyule, moyo ni uleule.

Sasa, raga yetu haiwezi kunakili yote hayo. Kwenye raga ukiangushwa chini lazima uuachie mpira, kwa hiyo mchezaji anajifunza mambo mawili yanayopingana: kuung'ang'ania, halafu kuuachia kwa wakati wake. Ukiwa na nafasi unaubeba kwa mikono miwili, adui asijue kama utapasi au utapita. Ukikaribia kugongana unauhamishia mkono ulio mbali naye. Ukianguka unageuka, unauweka nyuma upande wa wenzako. Ukikuponyoka ukaenda mbele, wapinzani wanapewa skramu. Aprili 17, 2016, vijana wa Benjamin Ayimba walipoifunga Fiji 30–7 kule Singapore, tulisifu mbio zao. Lakini mbio bila mpira mkononi hazina pointi.

Serikali ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Uwanjani hasira ilibaki. Kijana akiangusha mpira anaambiwa azunguke uwanja mara kumi. Haya, miguu imepata mazoezi, mikono je? Jumamosi inayofuata unamponyoka tena, anawekwa benchi, na kwa wengine uwanja ndio sababu pekee iliyobaki ya kuja shule. Mimi niliacha chuo, najua jinsi neno "huwezi" linavyomkaa mtu akiambiwa mapema. Linamtangulia kila mahali.

Kinachohitajika hakina gharama. Panga wachezaji mistari miwili wakitazamana, mmoja apite katikati na mpira, wenzake waupige na kuuvuta anapopita. Aanze kwa kutembea, kisha akimbie. Akishazoea, loweka mpira majini, kwa sababu mvua ya huku Gusii haingoji msimu. Ukimponyoka, usimwulize ana shida gani. Angalia kiwiko chake kilikuwa wapi, mrekebishe, apite tena.