Kabla ya Busara, Zanzibar Ilishachanganya Miziki Zamani

Kila mwezi wa pili simu zetu zinajaa picha za Ngome Kongwe pale Forodhani: taa, jukwaa, nyomi la watu, mgeni na mwenyeji wanacheza pamoja. Ndiyo Sauti za Busara hiyo. Ukiuliza ni kitu gani, wengi watakujibu, "Aah, tamasha la wazungu lile." Hapo ndipo ninapobisha.

Tamasha lenyewe lilianza Februari 2004. Waandaaji waliweka msimamo mmoja mgumu: hakuna pleibeki, unapiga laivu mwanzo mwisho. Kuna mastaa wa Bongo, siwataji, ambao ukiwanyang'anya CD shoo imeishia hapo hapo.

Faida ya msimamo huo ni kwamba unakutana na miziki ambayo redio zetu haziipigi kabisa. Mwaka 2012 alikuja Nneka wa Nigeria, 2013 akaja Cheikh Lô wa Senegal. Halafu kuna bendi za kutoka kisiwa cha Réunion na muziki wao unaitwa maloya. Huu ni muziki wa watumwa wa mashamba ya miwa, na wakubwa wa Kifaransa waliubana kwa miaka mingi. Sasa sikia hii: chombo chao kikuu wanakiita kayamb. Kimetengenezwa kwa mabua, ndani kuna mbegu, unakitikisa. Ndiyo kayamba yetu ile ile ya pwani! Baadhi ya watumwa wale walitolewa huku kwetu Afrika Mashariki, jina wakaondoka nalo. Kwa hiyo unaenda kusikiliza muziki wa nje, kumbe unamsikiliza ndugu yako aliyepotea zamani.

Na Zanzibar haijaanza leo kuchukua sauti za watu. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliupenda sana muziki wa Misri. Inasimuliwa kwamba alimtuma kijana mmoja Cairo kwenda kujifunza kupiga kanuni, akarudi kuwafundisha wengine. Mwaka 1905 kikaanzishwa kikundi cha Ikhwani Safaa. Udi, kanuni, fidla, vyote vya kuja. Baadaye zikaingia nyimbo za filamu za Kihindi na midundo ya rumba.

Ila taarabu ya mwanzo ilikuwa ya kasri na mabwana, na iliimbwa kwa Kiarabu. Aliyeivunja hiyo ni Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, wazazi wake walikuwa watumwa. Yeye akaimba Kiswahili, akaimba mambo ya mtaani: wanaoonewa, wanawake wanaodhulumiwa. Mwaka 1928 akapanda meli na wenzake mpaka Bombay kurekodi santuri. Fikiria, mwanamke wa shamba, miaka hiyo! Santuri zikauzwa pwani nzima. Binafsi namwona ndiye staa wetu wa kwanza wa kimataifa, na hakuwa na meneja wala kiki.

Bi Kidude alijifunza kwa kumsikiliza Siti. Na Bi Kidude huyo huyo ndiye aliyekuja kupanda jukwaa la Busara, bibi kizee na ngoma yake, vijana wanapiga kelele mpaka kuta zinatikisika. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX huko nje. Alifariki Aprili 2013.

Sasa tuongee pesa, maana hapo ndipo panauma. Mwaka 2016 tamasha halikufanyika. Haikuwa vita wala mvua, fedha tu hazikutimia. Viingilio peke yake havilipi tiketi za ndege za bendi nzima, mafundi wa sauti na jukwaa, kwa hiyo tamasha linategemea wafadhili, na wengi wao wanatoka nje. Mfadhili akikunja mkono, kwisha habari. Likarudi 2017, lakini tulishaonja mwezi wa pili mtupu.

Tunaposema ni la wazungu, tujiulize nani analilipia. Kiingilio cha mwenyeji kinawekwa chini kuliko cha mgeni makusudi, ili sisi tuingie. Bado kuna watu wanakaa Forodhani wanakula urojo, wanasikiliza kwa nje ya ukuta, halafu wanaposti kana kwamba walikuwa mbele ya jukwaa.