Kinga Inapolala: Historia ya Chumba cha Mahututi

Wanafunzi wapya wa uuguzi wakiletwa kwetu, somo la kwanza nawapeleka Copenhagen, mwaka 1952. Wengi hudhani chumba cha mahututi (ICU) kilianza na mashine, kumbe kilianza na mikono ya vijana wa rika lao.

Mwaka huo polio iliushambulia mji mkuu wa Denmark vibaya sana. Hospitali ya Blegdam, iliyokuwa ikipokea wagonjwa wa maradhi ya kuambukiza, ilikuwa na pipa moja tu la chuma la kupumulia na vifaa sita vidogo vya kufunga kifuani. Wiki tatu za mwanzo, wagonjwa 31 waliopooza misuli ya kupumua walitibiwa kwa vifaa hivyo, na 27 wakafariki. Daktari mkuu, Lassen, akaomba msaada kwa mtaalamu wa usingizi, Bjørn Ibsen. Tarehe 27 Agosti binti wa miaka 12 aliyekuwa anakata roho akatobolewa koo na kuwekewa mrija, kisha Ibsen akamsukumia hewa kwa kubonyeza mfuko wa mpira. Binti akaishi.

Kuanzia hapo wakaitwa wanafunzi wa udaktari na wa meno, wapatao 1,500. Mmoja anaketi kichwani pa kitanda na mfuko mkononi, anabonyeza, anaachia, anabonyeza tena, huku akimtazama mgonjwa machoni ajue kama hewa inamtosha. Zamu ikiisha anampokeza mwenzake bila kukatiza pumzi. Kuna siku wagonjwa 70 walikuwa wakipumuliwa hivyo kwa pamoja, mchana na usiku. Mwisho wa mlipuko ule, vifo kati ya wagonjwa hao vilikuwa vimeshuka hadi takriban robo. Desemba 1953 Ibsen akafungua, katika hospitali nyingine ya mji huohuo, chumba ambacho wengi wanakihesabu kuwa ICU ya kwanza duniani. Mfuko wa Ambu tunaouning'iniza leo kando ya kila kitanda nao ulitoka Copenhagen, mwaka 1956.

Ila tundu lile la koo lilikuwa na gharama yake. Pua huchuja hewa, na kikohozi hutoa uchafu kifuani. Mrija unavipita vyote viwili na kuingia moja kwa moja njia ya mapafu. Mashine zilipochukua nafasi ya mikono, nimonia za hospitalini zikaongezeka. Mwaka 1965 madaktari wa Dallas, Marekani, walieleza kilichokuwa kikitokea: vile vikopo vya maji vinavyotia unyevu kwenye hewa ya mgonjwa vilikuwa vimejaa bakteria, na kila pumzi iliwarusha kifuani. Vifaa vikaanza kutakaswa ipasavyo, na nimonia za aina hiyo zikapungua.

Wengi wetu tulifundishwa historia hii ikaishia hapo: safisha vifaa, nawa mikono, basi. Ni kweli tupu, lakini ni nusu ya habari. Mwaka 1969 madaktari haohao wa Dallas walipima makoromeo ya watu. Wenye afya hawakuwa na bakteria wale wa hatari ila kwa nadra, hata waliokuwa wakishinda hospitalini. Kwa waliokuwa mahututi kabisa, zaidi ya nusu walikuwa nao. Hewa ya jengo ni ileile. Mwili wa mgonjwa ndio uliobadilika.

Ulibadilikaje? Jibu lilianza kuonekana Montreal, Kanada, miaka ya 1970. Madaktari wa upasuaji, Meakins na MacLean, waliwachoma wagonjwa vijisindano kwenye ngozi ya mkono, kama kile kipimo cha kifua kikuu, wakasubiri siku mbili kuona kama ngozi itavimba. Mwenye kinga iliyo macho huvimba. Wale ambao ngozi yao ilikaa kimya ndio walioshikwa zaidi na maambukizi, na ndio waliokufa zaidi. Kwangu mimi hicho ni kipimo kizuri kuliko vyote katika historia hii: sindano, rula, na subira.

Miaka ya 1990, Berlin, Volk na wenzake walionyesha kwamba chembe nyeupe za mgonjwa mahututi zinaweza kuwapo tele katika damu na bado zisifanye kazi, kwa kuwa zimepungukiwa alama ambazo kwazo humtambulisha adui kwa chembe wenzao. Mwaka 2011 watafiti wa St. Louis, Marekani, walichukua wengu za watu 40 waliokufa kwa sepsisi, yaani mwili kuzidiwa na maambukizi, saa chache tu baada ya kifo. Walipozichokoza chembe za kinga, ziliitika kwa unyonge mno. Dawa ya kuiamsha kinga hiyo bado inatafutwa, na kwenye vitanda vyetu haijafika.

Ndugu huniuliza mlangoni, na nawaelewa uchungu wao: "Sista, mama yetu aliletwa kwa ajali ya gari. Hii nimonia kaipatia wapi?" Nawajibu kwamba ajali yenyewe iliulaza ulinzi wa mwili wake, na kwamba mrija unaompa pumzi unapita pale ulinzi ulipokuwa. Siwaambii hivyo ili kujivua lawama. Mtu mzima barabarani husamehe mkono mchafu wa nesi. Mgonjwa wangu hana cha kusamehea. Kila tulichojua kuhusu kinga yake tangu Montreal kinatudai usafi zaidi, hakitupunguzii deni.

Kwa hiyo ukija kumtazama mgonjwa wako ICU, nawa kabla hujamshika. Ukimwona daktari au nesi anasogea kitandani na hajagusa maji wala spiriti, mwambie, wala usione haya. Na ikiwa ni mimi, niambie.