Mti wa Asante: Kutoka Halifax hadi Boston

Kila mwaka, mwezi wa Novemba, mti mmoja mrefu wa jamii ya misonobari hukatwa katika jimbo la Nova Scotia, mashariki mwa Kanada, na kusafirishwa hadi Boston, Marekani. Husimikwa katika bustani ya Boston Common, ukavishwa taa, na umati ukakusanyika kuushangilia. Anayepita bila kuuliza atadhani ni pambo la Krismasi kama mengine. Kumbe ni malipo ya deni ambalo mdai wake hajawahi kulidai.

Nilitaka kujua deni hilo lilianzaje, nikaifuata njia ya mti kinyumenyume, kutoka Boston kwenda Halifax. Siku hizi hakuna treni moja ya abiria inayokwenda moja kwa moja kati ya miji hiyo miwili, kwa hiyo nilikwenda kwa barabara: Maine, New Brunswick, kisha Nova Scotia, zaidi ya kilomita 1,000. Safari inaishia kwenye kilima cha Fort Needham mjini Halifax, penye mnara wa kengele. Ukisimama hapo unauona mlango mwembamba wa bahari ambamo mkasa ulitokea.

Asubuhi ya Desemba 6, 1917, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto, meli mbili zilikutana hapo. Mont-Blanc ya Ufaransa ilikuwa imesheheni baruti na kemikali za kulipuka. Imo ya Norway ilikuwa ikielekea New York kupakia misaada ya raia wa Ubelgiji waliokuwa na njaa. Meli ya mauti na meli ya huruma zikagongana. Mont-Blanc ikashika moto, na watu wakasogea madirishani kutazama. Saa tatu na dakika nne ikalipuka. Karibu watu 2,000 walikufa, wengine wapatao 9,000 wakajeruhiwa, na mamia wakaumizwa macho na vioo vya madirisha waliyokuwa wakichungulia.

Karani wa reli, Vincent Coleman, alikuwa amekwisha kuonywa kuhusu shehena ile. Alianza kukimbia, kisha akarudi mezani kupiga telegrafu ili treni zilizokuwa njiani zisimamishwe. Hakutoka hai.

Habari zilipofika Boston, gavana wa Massachusetts, jimbo la Boston, Samuel McCall, alipeleka telegramu kuuliza Halifax inahitaji nini. Hakupata jibu, nyaya zilikuwa zimekatika. Kiongozi mwingine angeweza kusubiri orodha ya mahitaji, kisha kikao cha kuijadili. Boston haikungoja. Usiku uleule, kama saa nne, treni yenye madaktari, wauguzi na dawa iliondoka chini ya uongozi wa Abraham Ratshesky, mwenye benki. Waliokuwa ndani walijua mji umeumia, lakini hawakujua umeumia kiasi gani.

Kesho yake dhoruba ya theluji ikaangukia njia nzima, na reli ikafukiwa. Treni ilikwama, ikakwamuliwa, ikaendelea, na asubuhi ya Desemba 8 ikaingia Halifax. Madaktari na wauguzi wa mji na wa miji jirani walikuwa hoi kwa kukesha. Wageni wakaligeuza jengo la maofisa wa jeshi, Bellevue, kuwa hospitali. Baadaye Massachusetts ilileta samani kwa waliopoteza nyumba, na ikagharimia huduma za afya kwa miaka kadhaa.

Wahenga walisema tenda wema uende zako, usingoje shukrani. Boston ilikwenda zake. Halifax ndiyo iliyokataa kunyamaza: Krismasi ya 1918 ikapeleka mti. Halafu desturi ikakatika kwa zaidi ya nusu karne, hadi mwaka 1971, wakulima wa miti ya Krismasi wa kaunti ya Lunenburg walipoifufua. Ndani yake mlikuwa na nia ya kutangaza biashara yao, na sioni ubaya katika hilo. Shukrani nyingi hufa kwa kukosa mtu mwenye sababu ya kuzikumbuka. Serikali ya jimbo iliichukua desturi hiyo baadaye, na mti haujakosa kufika tangu hapo.

Ningeweza kuishia hapa, lakini njia yangu ilikuwa na kituo kingine. Kaskazini mwa mji, ufukweni, palikuwa na Africville, kijiji cha watu weusi kilichokatwa katikati na reli. Mlipuko uliwafikia wao pia, wakauawa na kubomolewa nyumba, lakini fungu lao katika misaada ile mikubwa lilikuwa dogo mno. Ng'ambo ya maji, kijiji cha Turtle Grove cha Wamikmaq, wenyeji wa asili, kilifagiliwa na wimbi na hakikujengwa tena. Miaka ya 1960 mji wa Halifax ulibomoa Africville yenyewe, na ulikuja kuomba radhi mwaka 2010.

Jambo hilo halifuti safari ya Ratshesky. Linatuonyesha kwamba wema ule, uliovuka mpaka wa nchi na dhoruba ya theluji, ulishindwa kufika mtaa wa pili. Nami naona tumaini hapohapo. Waliokwenda Halifax hawakuwa malaika. Walikuwa watu wa zama zao, wenye upofu wa zama zao, na bado walipanda treni bila kusubiri kuombwa. Ikiwa watu wa namna hiyo waliweza, sisi hatuna kisingizio. Krismasi inapokaribia na mikono ikawa myepesi kutoa, anayetaka kuwafuata watu wa Boston aondoke mapema kama wao, ila kwanza apige hodi kwa jirani ambaye hakuna aliyemwandika kwenye orodha.