Tom na Jerry Kabla ya Mkasi

Watu wengi Afrika Mashariki wanaijua Tom na Jerry kama kipindi cha watoto cha televisheni. Haikuanza hivyo. Paka yule na panya yule walichorwa kwa ajili ya pazia kubwa la sinema, wawachekeshe watu wazima waliolipa kiingilio na kukaa wakisubiri filamu ndefu ianze. Kati ya 1940 na 1958, William Hanna na Joseph Barbera waliongoza filamu fupi 114 za mfululizo huo katika studio ya MGM, California, nyingi zikiwa za dakika saba hivi. Anayezitazama leo kwenye diski kwa mpangilio wa miaka yake anakutana na kazi ambayo televisheni haikumwonyesha ikiwa nzima. Ndani yake mna ufundi wa hali ya juu. Mna pia mambo ya aibu, na sehemu ya aibu hiyo inatuhusu sisi Waafrika moja kwa moja.

Filamu ya kwanza, Puss Gets the Boot, ilitoka tarehe 10 Februari 1940. Humo paka anaitwa Jasper, na panya hatajwi jina. Hata majina ya Hanna na Barbera hayaonekani. Aliyeandikwa ni mtayarishaji Rudolf Ising. Kisa chenyewe ni chepesi. Mama mtumishi wa nyumba anamwonya paka kwamba akivunja kitu kimoja tena atatupwa nje. Panya anasikia. Tangu hapo kila akibanwa anashika glasi ukingoni mwa meza, tayari kuiachia, na paka anaganda palepale. Katika tukio hilo moja mfululizo wote umeshazaliwa: mwenye nguvu amefungwa na sheria ya nyumba, na mdogo anaijua sheria hiyo kuliko yeye. Msomaji aliyelelewa kwa hadithi za Sungura na Fisi hahitaji kuelezwa utamu wake.

Wakubwa wa studio hawakuona hivyo. Kwao habari ya paka na panya ilikuwa imekwisha kuchakaa, na vijana wale wawili wakapangiwa kazi nyingine. Kilichowarudisha ni barua ya mama mmoja wa biashara ya sinema huko Texas, aliyeuliza kama zitakuja nyingine za paka na panya, pamoja na filamu ile kuteuliwa kuwania Oscar. Wafanyakazi wakashindanishwa kubuni majina, na mchoraji John Carr akajipatia dola 50 kwa kupendekeza Tom na Jerry.

Mgawanyo wa kazi kati ya waongozaji hao ndio uliotuletea kicheko. Barbera alibuni visa na kuvichora kwa kasi. Hanna alishika muda: paka asimame kwa picha ngapi kabla hajagundua kwamba mkia wake umo kwenye mtego, na ukelele utoke lini. Ukelele maarufu wa Tom ni sauti ya Hanna mwenyewe. Kwa kuwa wahusika hawa karibu hawasemi kitu, nafasi ya maneno ilijazwa na muziki wa Scott Bradley, na kwa maoni yangu yeye ndiye mtu wa tatu ambaye bila yeye mfululizo huu usingefika popote. Bradley alichanganya jazi, nyimbo za mitaani na muziki wa okestra ndani ya dakika moja. Katika Puttin' on the Dog ya 1944 alitumia hata mtindo wa noti kumi na mbili wa Arnold Schoenberg, mtindo uliowashinda wasikilizaji wengi kwenye kumbi za muziki, akauweka kwenye kichekesho cha panya na mbwa. Watoto wa dunia nzima wameusikiliza bila kulalamika.

Hapa ndipo diski inapoizidi televisheni. Chukua The Cat Concerto. Tom anaingia jukwaani na suti ya mkia, anainama, anajifuta mikono, anaanza kupiga piano wimbo wa Franz Liszt. Jerry alikuwa amelala ndani ya piano, nyundo za nyuzi zinamrusha, na vita inaanza huku muziki hausimami. Tom anapiga huku akipigana, anapiga kwa miguu, anapiga huku mtego wa panya umewekwa mahali pa funguo. Simamisha picha, isogeze polepole. Utaona kwamba vidole vya paka vinazifuata funguo kwelikweli, na uso wake una kiburi cha msanii mkubwa hata anapoumia. Sekunde moja ya filamu ina picha 24, na hakuna kompyuta iliyosaidia. Zilichorwa kwa mkono, zikahamishiwa kwenye karatasi angavu, zikapakwa rangi moja baada ya nyingine. Mwishoni Tom amelegea juu ya piano, na taa inamwangazia Jerry, ndiye anayepokea makofi.

Filamu hiyo ilipata Oscar ya 1946. Kabla yake zilikuwa zimeshinda The Yankee Doodle Mouse, Mouse Trouble na Quiet Please!, miaka mitatu mfululizo, na baadaye zikaja The Little Orphan, The Two Mouseketeers na Johann Mouse. Jumla saba. Aliyepanda jukwaani kuzipokea alikuwa mtayarishaji Fred Quimby. Waliobuni na kuongoza walibaki vitini, na dhuluma hiyo haijawahi kunitoka moyoni kila nikiona jina la Quimby likitangulia kwenye pazia.

Mwaka 1957 MGM iliifunga idara yake ya katuni. Hesabu za ofisini zilionyesha kwamba kurudisha sinemani filamu za zamani kunaleta fedha karibu sawa na kutengeneza mpya, na kikosi kizima kikaachishwa kazi. Hanna na Barbera wakafungua kampuni yao na kuhamia televisheni, ambako walitengeneza The Flintstones mwaka 1960. Paka na panya wakapelekwa kwingine: filamu 13 za Gene Deitch zilizotengenezwa Prague kwa fedha kidogo, kisha 34 za Chuck Jones kati ya 1963 na 1967. Za Jones zinapendeza macho lakini zinachekesha kidogo. Za Deitch zina sauti za ajabu na ukatili mkavu. Wapo wanaozipenda, mimi simo.

Televisheni ya Marekani ilianza kuzionyesha zile za zamani Jumamosi asubuhi mwaka 1965. Hapo ndipo mkasi ulipoanza kazi, nasi huku tulipokea mabaki ya mkasi huo.

Kenya ilipata televisheni mwaka 1962, Zanzibar katika miaka ya mwanzo ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja mpaka 1994. Kwa familia nyingi za Dar es Salaam, Tanga au Mwanza, Tom na Jerry ilifika kwanza kwa mkanda wa video. Mwenye deki mtaani alikuwa na wageni kila jioni, na mkanda ulioletwa na ndugu kutoka Uarabuni au Ulaya ulinakiliwa, nakala ikanakiliwa tena, mpaka rangi nyekundu ikamwagika nje ya mistari. Sinema za Kihindi na za Kichina zilihitaji mtu wa kuzisimulia, na Lufufu alijijengea jina Tanzania kwa kazi hiyo kama DJ Afro alivyojijengea Kenya. Paka na panya hawakumhitaji msimulizi. Bibi asiyejua Kiingereza na mjukuu ambaye hajaanza shule walicheka mahali pamoja. Baadaye zikaja diski za bei ya chini za Kariakoo na River Road, katuni nyingi zikiwa zimeshindiliwa kwenye diski moja, bila mpangilio wa miaka, bila jina la aliyezitengeneza.

Kwenye nakala hizo alikuwapo mama mmoja tuliyemwona miguu tu: mweusi, mnene, mwenye kandambili na ufagio, anayemfokea Tom. Watoto wengi wa huku walidhani ndiye mwenye nyumba. Marekani, kila aliyemtazama alijua ni nani. Alikuwa mfano wa mtumishi mweusi ambao sinema na redio za kule ziliutumia kwa miongo mingi: mkubwa wa mwili, mkali, Kiingereza chake kimevunjwavunjwa ili kichekeshe. Chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, kilipinga sura hiyo, na baada ya Push-Button Kitty ya 1952 akaondolewa kwenye mfululizo.

Aliyempa sauti ni Lillian Randolph, mwigizaji mweusi aliyefanya kazi kubwa redioni na aliyeonekana pia kwenye filamu It's a Wonderful Life ya 1946. Isikilize sauti yake katika filamu ya kwanza. Ina nguvu, ina mapigo ya muziki, inamfanya mama yule awe mtu kamili ingawa mchoro umemnyima uso. Alipewa nafasi finyu na dharau ya wakati wake, akaijaza kwa kipaji.

Wenye filamu walifanyaje na sauti hiyo? Katika miaka ya 1960, ili filamu zikubalike kwenye televisheni, kikosi cha Chuck Jones kilichora upya baadhi ya vipande: mama mweusi akafutwa, mahali pake akawekwa mwanamke mzungu mwembamba aliyepewa sauti na June Foray. Miaka ya 1990 ikaja njia nyingine. Mchoro uliachwa, sauti ya Randolph ikaondolewa, na mwigizaji mwingine mweusi, Thea Vidale, akarekodi maneno upya bila ile lafudhi ya kudhihaki. Baadhi ya DVD za miaka ya 2000 zilitoka na sauti hiyo iliyobadilishwa. Naamini nia ilikuwa njema. Matokeo yake ni kwamba ubaguzi ulibaki ndani ya mchoro, na aliyeondolewa akawa yule mwanamke mweusi aliyefanya kazi.

Mkasi uligusa mengine pia. Kwenye filamu nyingi baruti inalipuka na mhusika anabaki na uso mweusi na midomo minene. Mzaha huo ulitoka kwenye maonyesho ya wazungu waliojipaka masizi usoni ili kuwakejeli watu weusi. Televisheni ilivikata vipande hivyo kimyakimya, na mtazamaji akaona mruko tu wa picha. Nimeviona vikiwa kamili na vinaudhi. Mtu mzima wa Dar es Salaam au Mombasa ana haki ya kuviona na kujua kwamba katuni aliyoipenda iliwahi kumcheka kwa rangi yake.

Hasara nyingine haikutokana na nia ya mtu. Mwaka 1978 moto uliteketeza ghala la filamu la jumba la makumbusho la George Eastman huko Rochester, New York. Filamu za zamani zilitengenezwa kwa nitreti, kitu kinachowaka upesi na kugoma kuzimwa, na negativu nyingi za asili za MGM, zikiwemo za katuni, ziliungua. Kwa sababu hiyo mengi tunayoyaona ya miaka ya 1940 yanatoka kwenye nakala za pili, na kusafisha rangi zake ni kazi ya uvumilivu mkubwa.

Haki za filamu ziliingia mikononi mwa Ted Turner mwaka 1986, kisha kwa Warner miaka kumi baadaye. Wakusanyaji wenye uwezo walipata seti za leza diski kuanzia 1993. DVD za Spotlight Collection zilianza 2004, na kwenye seti ya pili Whoopi Goldberg anajitokeza mwanzoni kueleza kwamba taswira za ubaguzi zilizomo zilikuwa makosa wakati ule kama zilivyo makosa leo, na kwamba kuzifuta kungekuwa kudai hazikuwahi kuwapo. Kwangu hilo ndilo neno la busara kuliko yote yaliyosemwa kuhusu jambo hili. Mwaka 2011 ikaja Golden Collection ya kwanza kwenye Blu-ray, filamu 37 za mwanzo kwa mpangilio wa kutoka kwake, bila kukatwa. Rangi zake ni furaha ya macho.

Seti ya pili ilitangazwa kwa mwaka 2013, lakini ikafahamika kwamba filamu mbili zingeachwa nje: Mouse Cleaning ya 1948, ambayo mwishoni Tom anafunikwa na makaa na kuzungumza kwa sauti ya kumkejeli mtu mweusi, na Casanova Cat ya 1951, ambamo Tom anampaka Jerry weusi kwa moshi wa sigara na kumchezesha juu ya bamba la moto. Wapenzi wa katuni walipinga, na seti ile haikutoka mwaka huo. Mimi niko upande wao. Filamu mbili hizo ni ushahidi, na ushahidi hauachwi nje na aliyeutengeneza. Zilistahili kuwekwa ndani pamoja na maelezo kama ya Goldberg.

Kwa hiyo nawaomba wazazi na wapenzi wa katuni: mkinunua, tafuteni seti iliyopangwa kwa miaka na iliyoandikwa kwamba haikukatwa. Wadogo waonyesheni The Cat Concerto, The Million Dollar Cat na The Night Before Christmas, na wakubwa wakae nao watakapofika kwenye filamu za yule mama mwenye ufagio, wawaeleze ni nani aliyempa sauti. Lillian Randolph alifariki mwaka 1980, na filamu hizo hazikumwandika jina.